Mfereji Unaodondoka na Tanki Lililokauka

SOMO LA KIKUNDI



Kiangazi kimoja tuliitwa upande wa Chepalungu kusuluhisha ugomvi. Akina mama wa kikundi kimoja walikuwa wamechanga pesa za mzunguko mpaka kila boma likapata tanki la lita 5,000. Katika boma moja tanki lilijaa mwisho wa Novemba, na kabla ya Februari likakauka. Mama mkwe akasema mke wa mwanawe anawagawia majirani maji usiku. Jirani aliyetajwa naye ni mwanakikundi. Basi mikutano ikavunjika.

Tulisikiliza pande zote mbili. Kisha tukazunguka boma. Migomba iliyo nyuma ya bafu ilikuwa imenawiri, na kiangazi kile kila kitu kingine kimenyauka! Mwizi alikuwa mfereji wa bafuni. Tanki la jirani lilikuwa bado na maji, nao mfereji wake ulidondoka vilevile. Tukaweka mkebe chini yake kwa saa moja, tukapata lita 1.

Hebu tupige hesabu. Lita 1 kwa saa ni lita 24 kwa siku, zaidi ya mtungi mmoja wa lita 20. Desemba na Januari ni siku 62, yaani lita 1,488. Hiyo ni karibu theluthi ya tanki.

Kwa nini mfereji hudondoka?
Ndani yake kuna kipande kidogo cha mpira, mafundi hukiita washa. Ukifunga mfereji, washa inakandamiza tundu la maji. Ikichakaa, maji hupita. Wengi wetu hukaza kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo tunapouharibu kabisa.

Vifaa: spana, bisibisi, kitambaa, na washa mpya. Mifereji mingi ya nyumbani ni ya nusu inchi.

Hatua za kufuata
1. Fungeni valvu iliyo karibu na tanki, kisha fungueni mfereji mpaka maji yaliyobaki yaishe. Kama hakuna valvu, ngojeni tanki liwe tupu, la sivyo maji yote yatamwagika.
2. Zibeni shimo la sakafuni kwa kitambaa, vitu vidogo visipotelee humo.
3. Mmoja aushike mfereji imara usigeuke na paipu. Mwingine afungue nati kubwa iliyo chini ya kishikio, akigeuza kuelekea kushoto. Toeni shina lote.
4. Washa iko mwisho wa shina, au imebaki ndani ya mfereji. Itoeni, mwende nayo dukani iwe kipimo.
5. Pitisheni kidole mahali washa inapokalia. Pakiwa na mikwaruzo, washa mpya haitadumu. Ni heri kubadilisha mfereji.
6. Wekeni washa mpya, rudisheni shina, kazeni nati, kisha fungueni valvu polepole.

Kama duka liko mbali, kateni washa ya muda kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli. Lakini angalieni: mifereji ya kugeuza robo mzunguko haina washa ya namna hii.

Wengine husema hii ni kazi ya mzee, naye mzee yuko kazini mjini mpaka mwisho wa mwezi. Fundi naye, nauli yake peke yake inapita bei ya washa. Yule mke wa mwana aliyesingiziwa ndiye aliyeshika spana siku ile, na mama mkwe akashika mfereji.

Maswali ya kujadili
1. Je, mifereji mingapi katika maboma yetu inadondoka leo? Ipimeni kwa mkebe.
2. Je, kikundi chetu kinaweza kununua spana moja ya kuazimana?
3. Je, kuna mtu tuliyemlaumu kabla ya kuchunguza?

Usipoziba ufa utajenga ukuta.