Mlima wa Maboksi: Somo kwa Kamati za Usharika Kuhusu Mfano wa Ardhi

Katika toleo hili tunapenda kushirikishana jambo tulilojifunza kwa kuchelewa: namna ya kutengeneza mfano wa ardhi ya kijiji kwa maboksi, na kwa nini inafaa kufanya hivyo kabla ya kununua bomba hata moja.

Wengi wenu mnaikumbuka ile ramani ya kuchora chini wakati wa kuibua miradi: majivu ni barabara, majani ni vibanja, mawe ni nyumba. Ni njia nzuri na tunaendelea kuitumia. Upungufu wake ni kwamba ni bapa, na Karagwe na Kyerwa si bapa. Rweya iko juu, vibanja viko mteremkoni, maji yako bondeni. Kwetu swali la maji ni swali la kimo.

Katika usharika mmoja wa Kyerwa tulikubaliana, kwa ramani ya chini na kwa kura, tenki lijengwe karibu na shule, maji yaje kwa mserereko. Chemchemi ilikuwa upande wa pili wa mgongo wa kilima. Njia ya kwenda huko hupanda na kushuka mara mbili, na kila mtu alikuwa na hakika kwamba chemchemi iko juu ya shule. Tulipojenga mfano tukaona iko tabaka 2 chini yake, yaani takriban mita 40. Maji hayapandi kilima kwa sababu kamati imepiga kura. Tulishukuru kwamba mawe na mchanga vilikuwa bado havijasombwa.

Kazi yenyewe huanza na ramani ya skeli ya 1:50,000 yenye mistari ya kontua. Angalieni kwanza pembeni kama vimo vimeandikwa kwa mita au kwa futi. Ramani za zamani hutupoteza hapo. Ikuzeni mara 5 ili iwe 1:10,000. Sasa sentimita 1 ni mita 100, na kijiji cha kilomita 5 kwa 6 kinatosha kwenye ubao wa sentimita 50 kwa 60. Kama kontua zinapishana mita 20, kila tabaka lingepaswa kuwa na unene wa milimita 2. Boksi la kawaida la dukani lina kama milimita 4, kwa hiyo vilima vitaonekana virefu mara mbili. Hilo si kosa, maana bila hivyo kilima cha mita 200 kingekuwa sentimita 2 tu na hakuna ambaye angekiona. Ila liandikeni kwenye ubao.

Nakilini kila kontua kwa karatasi ya kaboni, kateni kwa kisu kikali, bandikeni tabaka juu ya tabaka kuanzia bondeni. Chorani kwenye kila tabaka mstari wa kontua inayofuata ili lijalo likae mahali pake. Ngazi zikishakauka zifunikeni kwa vipande vya magazeti vilivyolowekwa kwenye uji wa ngano. Vijana wa sekondari hufanya haya vizuri kuliko sisi. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wazima wanaotengeneza milima ya namna hii kwa ajili ya michezo ya mezani, na hawaoni haya.

Hapo ndipo tulipokosea sisi. Tuliupaka mfano rangi ofisini, tukauleta kijijini ukiwa umekamilika. Watu waliusifu wakanyamaza. Kisha bibi mmoja akasogea, akaweka kidole na kusema, "Wajukuu wangu, hapa mmeweka migomba juu ya maji." Palikuwa na chemchemi ndogo isiyokauka kiangazi, wanawake waliijua, kamati ya wanaume haikuijua. Tangu siku hiyo mfano tunaupeleka ukiwa mweupe. Wazee hukubaliana kwanza ufunguo wa ramani: pini ya rangi gani ni chemchemi, uzi wa rangi gani ni njia. Wanawake hupewa zamu yao peke yao, na wafugaji yao.

Wenzetu wa Kenya walitutangulia. Mwaka 2006, huko Nessuit, Waogiek walijenga mfano wa msitu wa Mau ya Mashariki kwa skeli hiyohiyo ya 1:10,000, wazee wakaujaza kumbukumbu za nchi yao kabla haijakatwakatwa. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua kesi ya Waogiek kwa faida yao mwaka 2017. Hatusemi mfano ndio ulioshinda kesi. Tunasema walijua kuonyesha nchi yao.

Kuonyesha nako kuna hatari. Kyerwa ina madini ya bati, na tangu 2019 tuna hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe; mpaka ni jambo zito. Pini ikiwekwa, mgeni yeyote aweza kuipiga picha. Kwa hiyo kabla ya kuanza ulizeni mkutano: ni kitu gani hatutaki kiwekwe hapa? Na mfano ubaki kijijini, si ofisini kwetu.

Kwa wafadhili: maboksi tunapewa bure madukani. Gharama iko kwenye siku, chakula cha washiriki na usafiri wa wazee. Bajeti ya siku 2 haitoshi. Vilevile, mfano si kipimo cha kuchimbia mtaro. Fundi wa maji lazima apime mwenyewe.

Mfano ule wa kwanza umehifadhiwa kanisani, chumba cha nyuma, chini ya nailoni. Panya wanapenda uji wa ngano, wameshakula kona moja ya bonde. Mabonde mengine tunabandika kwa gundi ya mbao.