SAFARI NDEFU KWA PIKIPIKI: CHOMBO KIWE TAYARI, NAWE UONEKANE

Mada yangu mwaka huu si ngeli wala si uakifishaji. Ni pikipiki. Najua wapo watakaoguna, "Pikipiki na Chama cha Kiswahili, wapi na wapi?" Hebu tulieni kidogo. Sidhani kuna darasa humu shuleni lisilo na mtu ambaye babake, kakake au mjombake hula jasho lake kwa magurudumu mawili. Isitoshe, wengi wetu ndiyo yanayotuleta siku ya kufungua shule, sanduku la bati limefungwa nyuma kwa mpira, mwenyewe umelikumbatia kama mtoto.

Watu wengi hudhani kwamba kutayarisha pikipiki ni kazi ya fundi, na kuonekana barabarani ni kazi ya jaketi. Mimi nasema ni kazi moja. Pikipiki yaweza kuwa nzima kuanzia tairi hadi kengele, na bado mwendeshaji akagongwa mchana kweupe kwa sababu tu aliyemgonga hakumwona.

Tuchukue mfano wa barabara ya Nairobi hadi Mombasa, takriban kilomita 480. Mjomba wangu huipitia kwa Honda ST1100, pikipiki ya masafa yenye kioo cha mbele cha kukata upepo, masanduku mawili ubavuni na tangi la lita 28. Haina mnyororo, gurudumu la nyuma huzungushwa kwa shafti. Wengi wetu hatuna dude kama hilo. Lakini yule wa bodaboda anayepeleka mzigo kutoka Emali hadi Voi anakutana na malori yale yale, na jua ni lile lile.

Tuanze na matairi. Upepo upimwe asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi. Ukishafika Mtito Andei saa saba mchana, tairi limepata moto na kipimo kimepanda. Ukiupunguza upepo hapo, kesho asubuhi utakuwa na tairi legevu. Na tairi legevu hujikunja kila linapozunguka, likazidi kupata moto, mwisho likapasuka. Kipimo chenyewe kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki, na ukibeba abiria na mzigo kipimo hicho huwa kingine. Wenye mnyororo (sisi mtaani twasema cheni, na fundi ukimwambia "mnyororo" atakuuliza wewe ni mwalimu?) wausukume kwa kidole katikati ya upande wa chini. Pikipiki nyingi ndogo hutaka ucheze sentimita mbili au tatu hivi. Ukikazwa mno hukatika, ukilegea huruka meno. Paka oili jioni baada ya safari ungali na joto, ipate usiku mzima wa kupenya. Kisha tazama maji ya breki. Maji haya hufyonza unyevu wa hewani, na yakifanana na chai ya rangi, yabadilishwe.

Sasa mzigo, na hapa nitakaa kidogo kwa maana ndipo kazi mbili nilizozitaja zinapokutana. Mzigo mzito ukae chini na karibu na mwendeshaji. Ukiurundika juu ya karia, nyuma kabisa, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani huanza kutikisika. Hilo wengi walijua. Wasilolijua ni kwamba nyuma ikikalia chini, taa ya mbele huinuka. Badala ya kumulika lami inamulika macho ya dereva wa trela anayekuja. Yeye akipofuka, wewe ndiwe utakayeumia. Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Usiku, simamisha pikipiki tupu mita tano kutoka ukutani, washa taa hafifu, na utie alama ya chaki pale mwanga unapokoma upande wa juu. Funga mzigo wote, panda na abiria wako, mtu wa tatu atazame alama ile. Mwanga ukiwa umepanda, shusha taa kwa skrubu yake au kaza springi za nyuma. Halafu mzunguke mwenzako kwa nyuma: je, taa nyekundu na indiketa zaonekana, au gunia limezifunika? Nimeona pikipiki zenye taa nzuri ajabu zilizofichwa na godoro.

Kwa nini dereva asimwone mtu aliye mbele yake? Huko Marekani, Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walichunguza ajali 900 za pikipiki mjini Los Angeles na eneo lake, wakatoa matokeo yao mwaka 1981. Robo tatu hivi zilikuwa za kugongana na gari. Na katika hizo, thuluthi mbili zilitokea kwa sababu mwenye gari aliingia katika njia ya pikipiki. Madereva wengi walisema hawakuiona kabisa, au waliiona wakati umeshapita. Si uongo wa kujitetea tu. Pikipiki ni nyembamba. Nguzo iliyo kando ya kioo cha gari yaweza kuifunika yote. Tena kitu chembamba kinapokujia moja kwa moja, jicho halitambui kinakuja kasi gani. Usiku taa moja pekee huonekana kama iko mbali. Hesabu mwenyewe: kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, pikipiki hula mita 25 kila sekunde. Dereva akisita sekunde moja na nusu, mita 37 zimekwisha na hujagusa breki.

Mavazi basi. Watu huchanganya vitu viwili. Ile rangi kali ya manjano au chungwa kwenye jaketi huchukua miale ya jua ambayo macho yetu hayaioni, ikaitoa kama mwanga unaoonekana. Ndiyo maana yang'ara hata siku ya mawingu. Usiku haina kazi, ni kitambaa tu. Zile tepe za fedha nazo zina chembe ndogo sana za kioo zinazorudisha mwanga kule kule ulikotoka, yaani kwenye taa za gari na macho ya dereva wake. Mchana hazisaidii sana. Kwa hivyo jaketi iwe na vyote viwili, na ifuliwe, kwani vumbi likitanda riflekta hugeuka kitambaa. Kwenye udongo mwekundu wa Tsavo mimi ningechagua manjano kuliko chungwa.

Huko Auckland, New Zealand, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliona kwamba waliovaa mavazi ya kung'aa au ya riflekta walikuwa na hatari ya kuumia ajalini pungufu kwa asilimia 37. Wenye helmeti nyeupe walikuwa na pungufu ya asilimia 24 wakilinganishwa na wenye nyeusi. Taa ya mbele kuwashwa mchana nayo ilipunguza kwa asilimia 27. India, zinakotoka nyingi za bodaboda zetu, iliamuru kwamba kuanzia Aprili 2017 pikipiki mpya ziuzwazo huko ziwe na taa inayowaka yenyewe kila injini ikiwaka.

Hata hivyo jaketi haishindi jua. Ukielekea Mombasa jioni, jua liko mgongoni mwako. Raha kwako, lakini linampiga usoni anayekuja mbele. Tazama kivuli chako: kikilala kirefu mbele yako, jihesabu kuwa huonekani, punguza mwendo na usiamini kwamba lori lile halitatoka kulipita lenzake. Na ukifuata trela, tafuta uso wa dereva katika kioo chake cha pembeni. Usipouona, naye hakuoni.

Limebaki jambo la abiria, nalo ni letu. Sheria ya Trafiki ilivyorekebishwa mwaka 2012 yamtaka mwendeshaji na abiria, wote wawili, wavae helmeti na jaketi ya riflekta, na abiria awe mmoja tu. Lakini tazama siku ya kufunga shule. Dereva amevaa jaketi safi ya manjano. Nyuma yake kakaa mwanafunzi mwenye sweta la bluu iliyoiva na mkoba mweusi. Gari likija nyuma yao saa moja jioni halioni manjano yoyote. Linaona sweta na mkoba. Fundi cherehani yeyote anaweza kushona tepe mbili za riflekta kwenye mkoba, moja juu na moja chini, na kazi hiyo haimalizi hata nusu saa.