Buni Jeni Bila Kutoa Senti: Vidokezo 7 kwa Anayeanza Baiolojia Sintetiki

DNA unayoiagiza hulipiwa kwa urefu wake, na ikifika na kosa ulilolipanga mwenyewe, umeshalilipia. Kosa hilohilo likionekana mapema kwenye kompyuta, unalifuta na kuendelea. Heri ya fani hii ya kupanga jeni upya ndani ya bakteria na hamira ni kwamba zana zake nyingi nzuri ni za bure, na laptopu ya kawaida inazimudu.

1. Anza na saketi iliyokwisha kufanya kazi. Nakusihi, usianze na wazo lako kubwa. Anza na ile iitwayo repressilator, iliyochapishwa mwaka 2000 na Michael Elowitz na Stanislas Leibler wa Chuo Kikuu cha Princeton. Ina jeni tatu zinazozimana kwa mduara: LacI inaizima TetR, TetR inaizima cI, kisha cI inarudi kuizima LacI. Bakteria wao walikuwa wakiwaka kijani na kufifia kila baada ya dakika 160 hivi. Hesabu zake zimehifadhiwa kwenye hazina ya BioModels kwa namba BIOMD0000000012. Pakua faili hilo leo. Ni dogo, halitakumalizia bando.

2. Chora kwanza kwa penseli. Kuna alama za pamoja ziitwazo SBOL Visual: promota, yaani mahali usomaji wa jeni unapoanzia, ni mshale uliopinda, mahali ribosomu inaposhika ni nusu duara, mwisho wa usomaji ni herufi T. Mtu wa Seoul na mtu wa Kisumu watauelewa mchoro huo vilevile.

3. Sakinisha COPASI, ukae nayo jioni nzima. Ingekuwa lazima nichague programu moja tu, ningechagua hii. Inaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux, na ukishaipakua haihitaji intaneti tena. Fungua lile faili la repressilator, nenda kwenye mfuatano wa muda, uiendeshe. Utaona mawimbi matatu yakipokezana kama wapiga ngoma wanaopeana zamu.

Sasa tafuta namba iitwayo tau_prot. Hizi ni dakika ambazo nusu ya protini huwa imetoweka, na kwenye faili ni 10. Iweke 100, endesha modeli kwa dakika 5,000, utazame. Mawimbi yanarefuka, yanafifia, yanaelekea kuwa mstari. Hujagusa promota wala mpangilio wa jeni. Umefanya protini zichelewe kutoweka, basi. Jeni inayofuata haipati nafasi ya kuamka, kwa sababu anayeizima bado amekaa mlangoni.

Hivyo ndivyo Elowitz na Leibler walivyotumia modeli yao. Hesabu iliwaonyesha kwamba kasi ya kutoweka kwa protini isiachwe nyuma mno na kasi ya kutoweka kwa mRNA, nakala ya jeni inayosomwa kutengeneza protini, ambayo ndani ya bakteria hudumu dakika chache tu. Basi wakabandika kwenye mkia wa kila protini kipande kifupi kinachoiambia seli: hii ivunjwe haraka. Modeli ndiyo iliyowaambia wabadilishe DNA. Ukilielewa jambo hili moja kwa vidole vyako mwenyewe, umeingia kwenye fani.

4. Kisha badilisha mbinu ya hesabu. Modeli yako ya kwanza huiona seli kama pipa kubwa lililokorogwa vizuri. Bakteria E. coli ni kijumba kidogo mno: molekuli moja tu ndani yake ni sawa na nanomola 1 hivi. Protini zikiwa kumi, bahati nasibu ina sauti kubwa. Ndani ya COPASI unaweza kuchagua mbinu ya kubahatisha badala ya ile ya milinganyo laini, na kila ukiendesha utapata mchoro tofauti kidogo. Usidhani programu imeharibika. Katika jaribio lenyewe la mwaka 2000, mapigo yalionekana kwa takriban asilimia 40 ya seli, na hata seli ndugu zilipishana.

5. Kagua herufi za DNA kwa ApE. Ni programu ndogo ya bure iliyoandikwa na Wayne Davis wa Chuo Kikuu cha Utah. Tafuta sehemu ambazo vimeng'enya vya kukata vitachanja bila kualikwa. Ukiunganisha vipande kwa kimeng'enya BsaI, tafuta GGTCTC na pia GAGACC, kwa sababu kimeng'enya husoma kila uzi kwa upande wake; wanaoanza husahau hiyo ya pili. Ukiikuta katikati ya jeni, badilisha herufi moja kwa namna ambayo asidi amino inabaki ileile.

6. Vipande vya DNA chukua kwenye rejista ya mashindano ya iGEM, lakini soma maelezo yake hadi mwisho. BBa_C0040 ni TetR, na tayari ina mkia wa LVA, mmoja wa ile mikia ya kuvunjwa haraka tuliyoizungumzia. Ukiichomeka kwenye modeli kama protini ya kudumu, modeli na bakteria watakwambia mambo mawili tofauti.

7. Ukishazoea, jaribu Cello. Unaandika kwa lugha ya Verilog, ileile ya wasanifu wa chipu za elektroniki, kwamba unataka seli iwake pale tu kitu A kipo na B hakipo. Nayo inakupangia DNA. Katika ripoti ya mwaka 2016 kuhusu zana hii, saketi 60 zilitengenezwa kwa ajili ya E. coli, na 45 zilifanya kazi sawasawa katika kila hali. Kwangu mimi hiyo ni fahari kubwa kwa programu isiyouzwa. Vilevile inamaanisha 15 zilikosea mahali fulani, kwa hiyo bomba la majaribio bado lina kazi yake. Siku utakapolifikia, omba kibali kabla ya kubadilisha kiumbe hai. Kenya, kwa mfano, ina sheria ya usalama wa kibayolojia tangu 2009. Na hifadhi kila kitu kwa SBML na GenBank, miundo ambayo programu nyingi huifungua, ukiandika kando ya kila namba umeitoa wapi.