Deraya za Wapanda Farasi

Nilipokuwa mtoto huko Kasulu, babu yangu alikuwa na mkuki wa kale, kazi ya mhunzi wa Buha. Siku moja, nikitaka kumpendeza, niliuchukua mtoni nikausugua kwa mchanga mpaka ukang'aa kama kioo. Babu hakunipiga. Aliupapasa tu, akasema, "Mjukuu wangu, umezifuta alama za nyundo. Sasa nani atajua ni kazi ya nani?" Maneno yake sikuyafahamu mpaka nilipokuwa mwalimu, niliposoma habari za deraya za Ulaya.

Deraya ni vazi la vita la chuma. Huku kwetu farasi hawakufugwa, maana mbung'o wa mapori ya Kibondo huwaua. Lakini Ulaya, yapata miaka 500 iliyopita, askari mpanda farasi alivikwa mabamba ya chuma tangu chapeo kichwani hata nyayoni, na pengine farasi wake naye alifunikwa uso na kifua. Deraya nzima ya vitani ilikuwa na uzito wa kama ratli 50. Wengi husema ya kuwa mtu huyo hakuweza kupanda farasi ila kwa kuinuliwa kwa kamba. Si kweli. Uzito ulienea mwilini mwote, na mabamba yalikunjika magotini na viwikoni. Aliyezoea alipanda mwenyewe.

Bunduki zilipoenea, wahunzi waliongeza unene wa dirii, yaani bamba la kifuani. Mnunuzi aliogopa kudanganywa. Basi mhunzi aliipiga dirii risasi mbele yake. Isipotoboka, mahali palipobonyea paliachwa makusudi pawe ushahidi. Leo asiyejua akipaona hudhani ni ubovu, hutaka kupanyosha! Akipanyosha, amechana hati ya mhunzi.

Katika mji wa Graz, nchi ya Austria, iko ghala ya silaha iliyojengwa tangu 1642 hata 1645. Mwaka 1749 Malkia Maria Theresa alitaka kuiondoa. Wakuu wa jimbo wakamsihi aiache iwe ukumbusho wa ushujaa wa baba zao, naye akakubali. Mpaka leo mna vitu kama 32,000.

Katika karne ya 19 matajiri walitaka deraya za kupamba nyumba zao, na fedha ikaleta hila. Mafundi walifua mpya, wakazitia tindikali zipate kutu, wakaziuza kuwa za kale. Kwa hiyo mjuzi hatazami kung'aa. Huligeuza bamba atazame ndani, kwa kuwa nje hupigwa msasa, bali ndani nyundo huacha alama zake. Tena hupima unene: bamba lililofuliwa kwa mkono huwa nene hapa na jembamba pale; la mashine ni sawasawa kote. Naye huishika deraya kwa mifuko ya mikono ya pamba, maana jasho la vidole huleta kutu, kisha huipaka nta kidogo.

Maswali

1. Kwa nini mhunzi aliipiga risasi dirii aliyoifua mwenyewe?
2. Mjuzi hutafuta nini ndani ya bamba?
3. Je, nyumbani kwenu kuna jembe au mkuki wa kale? Waulize wazee ni nani aliyeufua, ukaandike jina lake.