SOMO LA AFYA: JINO LILILONG'OKA NA TAYA LILILOVIMBA, MAFUNZO KUTOKA ARUSHA NA MITEREMKO YA MERU

Watumishi wa Serikali wanaosafiri kwenda Arusha, yaliko makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, pamoja na wakaazi wenye watoto au jamaa huko, wanashauriwa kulisoma somo hili kwa makini. Katika dharura za meno, jambo la kuangaliwa si rangi ya jino wala ukali wa maumivu, bali ni muda uliopita na pumzi ya mgonjwa.

Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutia madini ya floraidi katika chemchemi, mito na visima vingi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, lakini katika sehemu kadhaa za eneo hilo, ikiwemo Maji ya Chai, kiwango hupita hapo. Mtoto anayeyanywa maji hayo wakati meno yake yanajengeka huota meno yenye mabaka ya kahawia. Mabaka hayo peke yake si uozo. Kwa hiyo jino la kahawia lililong'olewa na ajali lisitupwe kwa kudhaniwa bovu. Mzizi wake ni hai kama wa jino jeupe.

A. Jino la ukubwani lililong'oka

Mzizi hufunikwa na seli laini zinazolishikamanisha jino na taya. Seli hizo zikikauka hufa, na maji ya kawaida huziharibu. Hivyo basi:

1. Jino lishikwe upande wa kutafunia, kamwe si mzizini.
2. Likiwa na uchafu, lisuuzwe kwa sekunde chache tu kwa maziwa au maji safi, bila kusuguliwa.
3. Mgonjwa akiwa na fahamu zake, lirejeshwe mahali pake, kisha aume kitambaa safi.
4. Ikishindikana, litiwe katika maziwa baridi, na mgonjwa afikishwe kwa daktari wa meno ndani ya saa moja. Kila dakika inayopotea hupunguza matumaini.

Jino la utotoni halirejeshwi, kwani linaweza kuliumiza la ukubwani lililo chini yake. Jino lisilopatikana litajwe kwa daktari, maana huenda limeingia katika njia ya hewa. Aidha, aliyepoteza fahamu, anayetapika, au ambaye meno yake hayakutani tena anapouma, apelekwe hospitali kwanza. Kichwa na taya hutangulia jino. Daktari aulizwe pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

B. Taya lililovimba

Usaha wa jino bovu unaweza kushuka chini ya ulimi na kuenea shingoni. Dalili za hatari ni hizi: uvimbe chini ya kidevu pande zote mbili, ulimi kuinuka, mate kutiririka, kinywa kutofunguka, sauti kubadilika, na taabu ya kumeza au kupumua. Mgonjwa wa namna hiyo asisubiri asubuhi. Akalishwe wima, asilazwe chali, na apelekwe hospitali mara moja, kwani njia ya hewa inaweza kuziba. Wenye kisukari wawe waangalifu zaidi.

Vidonge vya kuua vijidudu peke yake havitoshi. Ni lazima usaha utolewe na jino lililosababisha litibiwe. Aspirini isiwekwe juu ya ufizi, kwani huuunguza.

C. "Meno ya plastiki"

Katika sehemu mbalimbali za Tanzania, baadhi ya wazee huamini kuwa homa na kuharisha kwa mtoto mchanga hutokana na "meno ya plastiki", na fizi huchokolewa kwa vyombo visivyo safi. Vivimbe hivyo ni machipukizi ya meno ya kawaida. Kuyang'oa huleta damu nyingi, uambukizo na hata kifo, na ugonjwa wenyewe hubaki bila kutibiwa. Mtoto huyo anahitaji maji ya chumvi na sukari pamoja na kituo cha afya.

Mjini Arusha wagonjwa wapelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru au hospitali iliyo karibu zaidi. Wakuu wa idara na walimu wa skuli wanaombwa kulibandika somo hili mahali pa wazi.