SOMO: BANDA LA ZAMANI LINAWEZA KUWA KARAKANA



Katika vijiji vyetu kuna mabanda mengi yaliyosimama bila kazi. Hili lilikuwa ghala la pamba. Lile lilikuwa banda la mbuzi. Jingine lilikuwa jiko, kabla jiko jipya halijajengwa. Leo yametupiwa magunia na majembe yaliyovunjika, na kuku wanataga humo.

Huku nje pikipiki inalala mvuani. Baiskeli inashika kutu. Spana iliyotumika jana haionekani leo. Likitokea tatizo dogo la mnyororo, chombo kinasukumwa mpaka mjini, na fedha inabaki huko huko mjini.

Je, banda lile haliwezi kuwa karakana? Linaweza. Karakana ni mahali pa kuweka chombo na kukitengenezea. Kuta zipo, paa lipo. Hilo ni jambo jema. Lakini tahadhari! Banda bovu humeza fedha yote uliyoweka akiba. Na karakana isiyopitisha hewa inaua mtu. Kwa hiyo tusianze na nyundo. Tuanze na macho, tepu ya kupimia na kalamu.

Haya, chukua daftari lako twende.

1. KAGUA BANDA

Kwanza uliza: banda hili lilikuwa na kazi gani?

Kama lilikuwa banda la mbuzi, ondoa samadi yote uipeleke shambani. Kama liliwekwa dawa za pamba, usifagie vumbi kavu. Vumbi hilo lina sumu. Mwite kwanza bwana shamba akushauri. Kama paa ni la asbestosi, yaani zile bapa za kijivu zenye mawimbi, ngumu kama saruji, usizikate wala kuzitoboa. Vumbi lake likiingia mapafuni linaweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Muulize bwana afya.

Sasa tazama miti. Chukua kisu, chomachoma kila nguzo chini karibu na udongo, na kila boriti pale inapolala juu ya ukuta. Kisu kikigonga na kurudi, mti ni mzima. Kisu kikizama kama kwenye muhogo uliooza, mchwa wamekwisha kula. Mti huo ubadilishwe.

Kisha tazama kuta. Ukuta unaweza kuonekana umesimama wima, kumbe umeinama. Tupime kwa timazi. Funga jiwe kwenye kamba. Chomeka kijiti juu ya ukuta kitokeze nje, uning'inize kamba hapo. Subiri jiwe litulie. Pima nafasi kati ya kamba na ukuta, juu na chini. Juu ni sentimita 5 na chini ni sentimita 5? Ukuta umesimama. Juu ni 5 na chini ni 9? Ukuta umeinama. Usiweke fedha yako hapo kabla fundi mwashi hajaja kuona.

Na ufa je? Hapa ndipo kujua kuandika kunapookoa fedha. Mahali ufa unapoishia, piga mstari kwa penseli. Pembeni andika tarehe. Rudi baada ya mwezi mmoja, na urudi tena baada ya mvua kubwa. Kama ufa haujapita mstari, ukuta umetulia. Kama umepita, ukuta bado unatembea. Kuziba kwa udongo ni kujidanganya. Tafuta kwanza sababu. Mara nyingi sababu ni maji ya mvua yanayochimba chini ya msingi.

2. MLANGO

Mlango wa banda mara nyingi ni mwembamba. Usukani wa pikipiki nyingi una upana wa karibu sentimita 80. Mlango wa sentimita 80 hautatosha, maana na wewe unayesukuma unataka nafasi. Weka mlango wa sentimita 120.

Usianze kukata ukuta hivi hivi. Ukuta wa juu ya mlango unabeba paa. Kwanza egemeza paa kwa nguzo imara, ndani na nje. Ndipo ukate, uweke linta. Linta ni boriti ya juu ya mlango inayobeba ukuta. Linta isiishie pale mlango unapoishia. Ilalie ukuta sentimita 20 kila upande. Tuhesabu:

Upana wa mlango: sentimita 120
Upande wa kushoto: sentimita 20
Upande wa kulia: sentimita 20
Jumla: sentimita 160

Basi, ukienda kununua linta au kuiagiza kwa fundi, sema sentimita 160. Usiseme "ya mlango wa kawaida tu".

Mlango ufunguke kwa nje. Kukitokea moto, mtu ausukume atoke, asihangaike kuuvuta.

3. SAKAFU

Sakafu iwe juu kuliko uwanja wa nje, kama sentimita 15, ili maji ya mvua yasiingie. Mbele ya mlango tengeneza mteremko mdogo wa kupandishia pikipiki. Nyuma ya banda chimba mfereji wa kuongozea maji.

Watu wengi hudhani ni lazima sakafu yote iwe ya zege. Siyo lazima. Pahala pa kusimama pikipiki na pahala pa kufanyia kazi panatosha kwa kuanzia. Kwingine shindilia changarawe vizuri.

Tuchukue mfano. Banda lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Zege ina unene wa sentimita 10, yaani mita 0.1. Changanya saruji sehemu 1, mchanga sehemu 2, kokoto sehemu 4. Kwa mchanganyiko huu, mita moja ya ujazo inakula karibu mifuko 6 na nusu ya saruji ya kilo 50.

Sakafu yote: 4 x 3 x 0.1 = mita za ujazo 1.2
Saruji: 1.2 x 6.5 = mifuko 7.8, yaani mifuko 8

Sehemu ya mita 2.5 kwa mita 2: 2.5 x 2 x 0.1 = mita za ujazo 0.5
Saruji: 0.5 x 6.5 = mifuko 3.25, yaani mifuko 4

Umeona? Hesabu ya dakika tano imeokoa mifuko minne. Mifuko hiyo ni bei ya spana na pampu.

Mfuko mmoja wa saruji una ujazo wa karibu lita 35. Kwa hiyo kila mfuko mmoja utie mchanga lita 70, yaani ndoo 3 na nusu za lita 20, na kokoto lita 140, yaani ndoo 7. Usipime kwa koleo. Koleo la mtu aliyechoka si sawa na koleo la asubuhi. Maji yasizidi. Zege ya uji haina nguvu.

Ukishamwaga, funika kwa magunia na umwagilie maji kila siku kwa siku 7. Usiingize pikipiki kabla ya hapo.

4. HEWA: HAPA HAPANA MCHEZO

Sikiliza vizuri, ndugu msomaji. Ukisahau mengine yote, hili usilisahau.

Injini inapowaka inatoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu. Ule moshi unaouona na kuunusa si ndiyo huo peke yake. Moshi ukionekana mdogo, gesi hii inaweza kuwa nyingi. Ukiivuta inashika damu, na damu inashindwa kubeba hewa safi mwilini. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Baadaye mtu anazimia, na anaweza kufa. Gesi hii ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa.

Mtu atasema, "Mimi nawasha dakika chache tu, nisikie injini inavyolia." Hapana. Katika chumba kidogo dakika chache zinatosha. Mwingine atasema, "Lakini nimefungua dirisha." Dirisha halitoshi. Kanuni ni moja: injini iwashwe nje. Isukume mpaka uwanjani, ndipo uwashe. Jenereta nalo ni vivyo hivyo, likae nje, mbali na madirisha ya nyumba.

Kama banda limeungana na chumba cha kulala, ziba kila tundu la ukuta huo. Gesi inapita hata juu ya ukuta usiofika paani, ikawafikia watoto waliolala.

Hata hivyo karakana inataka matundu ya hewa. Weka matundu mawili katika kuta zinazotazamana. Moja liwe chini karibu na sakafu, na jingine juu karibu na paa. La chini ni la mvuke wa petroli, maana mvuke huo ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini. La juu ni la joto. Yawekee wavu wa kuzuia panya na nyoka.

Ukimkuta mtu ameanguka karakanani na injini inawaka, vuta pumzi ukiwa nje, fungua mlango, zima injini kama iko karibu, umtoe nje upesi. Usikae ndani kumhoji. Akishatoka, awahishwe zahanati hata kama amezinduka.

5. MOTO NA SUMU

Mvuke wa petroli unaotambaa ukikutana na kibatari, sigara au jiko, unalipuka. Kwa hiyo:

(a) Usiingie na kibatari wala mshumaa. Tumia tochi au taa ya sola.
(b) Petroli isiwekwe kwenye chupa ya soda wala ya maji. Mtoto ataidhania kinywaji. Weka kwenye dumu lenye kifuniko, andika PETROLI kwa herufi kubwa.
(c) Weka ndoo mbili za mchanga mkavu karibu na mlango. Moto wa petroli usiumwagie maji. Petroli itaelea juu ya maji na moto utasambaa.
(d) Betri inapochajiwa inatoa gesi inayolipuka. Ichajie karibu na tundu la hewa, mbali na cheche.
(e) Oili chafu usiimwage chini wala mtoni. Kusanya kwenye dumu. Usiipake mwilini, na ukimaliza kazi nawa kwa sabuni. Oili chafu ikizoea kukaa kwenye ngozi inaweza kuleta saratani.

6. MEZA NA VYOMBO

Meza ya kazi isiwe fupi ikakuumiza mgongo. Simama wima, mikono ichini. Juu ya meza pafike kwenye kifundo cha mkono. Iweke karibu na dirisha upate mwanga. Jiliwa, kile chombo cha kubana chuma, kifungwe juu ya mguu wa meza, si katikati ya ubao, maana ubao utacheza.

Ukutani pigilia ubao wa kutundikia vyombo. Tundika kila chombo, kizungushie mstari wa penseli, na uandike jina lake chini: SPANA 10, SPANA 12, BISIBISI, TUPA, NYUNDO. Jioni ukitazama ubao utaona mara moja kipi hakijarudi. Jirani akiazima, andika jina lake na tarehe pale pale. Hakuna ugomvi, maana maandishi yanasema.

7. UKIKWAMA

Fundi mwashi wa kijijini ni mwalimu wa kwanza. Kwa hapa Tanzania, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, hushauri watu wenye karakana ndogo. Vyuo vya VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha ufundi wa magari, uashi na useremala. Nenda na daftari lako lenye vipimo. Mtu mwenye vipimo husaidiwa upesi.

MANENO YA KUKUMBUKA

Timazi: kamba yenye uzito ya kupimia kama ukuta umesimama wima.
Linta: boriti ya juu ya mlango au dirisha.
Jiliwa: chombo cha kubana kitu kinachotengenezwa.
Mita ya ujazo: urefu mara upana mara kimo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni mabanda mangapi kijijini kwenu hayana kazi? Lipi linafaa, na kwa nini?
2. Kwa nini tunaandika tarehe kwenye ufa?
3. Kijana anataka kuwasha pikipiki ndani ya banda kwa sababu mvua inanyesha. Utamwambia nini?
4. Kwa nini moto wa petroli hauzimwi kwa maji?

HESABU

1. Mlango una upana wa sentimita 140. Linta iwe na urefu gani?
2. Sehemu ya zege ina urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na unene wa mita 0.1. Itahitaji mifuko mingapi ya saruji?

Majibu: (1) Sentimita 180. (2) 3 x 2 x 0.1 = 0.6. Kisha 0.6 x 6.5 = 3.9, yaani mifuko 4.