Umemwona aliyechoma nyumba? Mtaje usiku huohuo

Tembe za wazee, zile za paa la udongo zilizopokea wapagazi wa misafara kati ya Ujiji na Bagamoyo, hazikushika moto kirahisi. Nyumba ya nyasi ya Urambo au Sikonge huteketea kabla yowe halijafika kitongoji cha pili. Kukicha yamebaki majivu, sufuria zilizopinda, na umati unaotaka jina la mtu.

Kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuchoma nyumba kwa makusudi kunaweza kumfunga mtu maisha. Adhabu kama hiyo haitolewi kwa fununu. Tangu shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani hutaka ushahidi wa aliyeona usiku ujibu haya: ulikuwa umbali gani? Mwanga ulitoka wapi, mkali kiasi gani? Ulimtazama kwa muda gani? Mlifahamiana? “Nilimwona kwa mwanga wa moto” haitoshi. Eleza kwamba ulisimama penye mwembe, hatua 15 kutoka mlangoni, paa limeshawaka, naye kageuka kukutazama.

Shauri la Marwa Wangiti Mwita likaongeza jambo ambalo wengi hulikosa kwa woga: kumtaja mtuhumiwa mapema hukupa uzito, na kuchelewa bila sababu hutia shaka. Basi mwambie mwenyekiti wa kitongoji usiku huo, kisha polisi. Maelezo yako yasomwe, uyasahihishe, ndipo utie saini au dole gumba.

Zimamoto ni 114. Dumu, kiberiti na nyayo msiviguse, majivu msiyafagie. Si kila moto umewashwa na adui. Bani la tumbaku huungua kwa jani moja tu lililodondokea bomba la moto, na mpelelezi atalijua hilo akikuta mahali hapajavurugwa. Sungusungu wakimkamata mtu, wamfikishe polisi bila kumpiga.

Msiende kwa mganga kutafuta jina. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, humtia hatiani anayemwita mwenzake mchawi, na jina linalotoka huko mara nyingi ni la bibi ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka 50. Kama mnaye bibi wa namna hiyo kijijini na mmesikia vitisho juu ya nyumba yake, nendeni polisi leo, angali ndani yake.